Chartres: kioo kinaanzia chini

Treni za Chartres huondokea stesheni ya Montparnasse, Paris, na safari ni ya saa moja na ushei. Minara ya kanisa kuu utaiona kabla ya kufika: wa kusini wa karne ya 12, hauna madoido, wa kaskazini ulivishwa kilele chenye nakshi mwanzoni mwa karne ya 16. Mimi naupenda huo mkongwe.

Usikimbilie ndani. Mlango wa Kifalme, upande wa magharibi, ulinusurika moto wa mwaka 1194 ulioteketeza sehemu kubwa ya kanisa. Kisha zunguka ubavuni utazame matao ya mawe yaliyoegemea kuta kwa nje. Ndiyo yanayopokea msukumo wa dari lililo juu mita 37 hivi. Bila hayo, kuta zisingevumilia kutobolewa madirisha makubwa kiasi kile.

Madirisha ya vioo vya rangi yanazidi 170. Anayetaka kuyamaliza yote huambulia maumivu ya shingo, kwa hiyo chagua mawili matatu, na ubebe darubini.

Anza na la Msamaria Mwema, mkono wa kulia ukiingilia magharibi. Lisome kutoka chini kwenda juu. Chini kabisa wamo washona viatu wakiwa kazini. Hao ndio waliolitoa dirisha. Juu yao msafiri anatoka Yerusalemu, anavamiwa na wanyang'anyi, anaokotwa. Halafu, juu zaidi, unakutana na Adamu na Hawa wakila tunda na kufukuzwa bustanini. Kwa mafundisho ya zama zile, yule msafiri aliyeachwa nusu mfu ni Adamu, na Msamaria ni Kristo. Hadithi mbili, dirisha moja.

Kwenye bawa la kusini, chini ya dirisha la waridi, Wainjili wamekaa mabegani mwa manabii kama watoto: Luka kabebwa na Yeremia, Mathayo na Isaya, Yohana na Ezekieli, Marko na Danieli. Wabebaji ni majitu. Waliobebwa ni wadogo, ila wako juu zaidi.

Labirinti ya sakafuni kwa kawaida hufunikwa na viti. Viti huondolewa siku za Ijumaa, kuanzia Kwaresima hadi karibu na sikukuu ya Watakatifu Wote. Vioo vya magharibi vingoje alasiri, jua likiwa upande wao. Ukikuta Misa inaendelea, keti; matembezi yatasubiri.