Ada ya Ukumbi wa Mazoezi: Hesabu ya Fedha na Hesabu ya Mwili

Kijiji cha Kagunga kimo ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, kaskazini ya Hifadhi ya Gombe, mahali ambapo Mkoa wa Kigoma unapakana na Burundi. Mbele yake ni maji, na nyuma yake milima ya Bonde la Ufa inapanda ghafla. Jina lake lilisikika duniani kote mwezi Mei 2015, wakimbizi kutoka Burundi walipofurika ufukweni hapo na meli kongwe Liemba ikawa inawachukua kuwapeleka Kigoma. Mbali na msukosuko huo, Kagunga ni kijiji cha wavuvi na wakulima, na mkazi wake hana haja ya kumlipa mtu ili aruhusiwe kunyanyua kitu kizito. Lakini nduguye aliyepanda boti akashuka Kibirizi, akahamia Kigoma au Ujiji na kupata kazi ya kuketi, anaweza siku moja kukabiliwa na tangazo la aina hii: lipa ada ya mwezi, wewe na jamaa yako yote, mje mfanye mazoezi ukumbini.

Je, ada hiyo inastahili kulipwa? Swali hili laonekana dogo, lakini fedha hizo zingeweza kununua madaftari, sare za shule au dawa. Kwa upande mwingine, uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta takriban robo ya watu wazima waliopimwa nchini, wenye umri wa miaka 25 hadi 64, wana shinikizo la juu la damu. Kwa hiyo anayesema mazoezi ni anasa ya matajiri anakosea, na anayetoa fedha bila kupiga hesabu anakosea vilevile. Hesabu zenyewe ni mbili, nazo zafaa kufanywa darasani, kwa kuwa ya kwanza haidai zaidi ya kugawanya, na ya pili haidai zaidi ya fizikia na biolojia ya sekondari.

Hesabu ya fedha

Tuchukue bei za mfano tu. Mwalimu aweza kuweka bei za mahali alipo. Tuseme ukumbi unatoza shilingi 3,000 kwa mtu anayelipa kila aingiapo, shilingi 40,000 kwa mwezi kwa mwanachama mmoja, na shilingi 100,000 kwa mwezi kwa jamaa ya watu watano. Tangazo litasema kwamba jamaa hiyo inapata nusu bei, maana watu watano mmoja mmoja wangelipa 200,000. Hapa pana mtego wa kwanza. Punguzo hupimwa kwa kulinganisha na kile ambacho ungelipa kweli. Na hapana jamaa ambayo ingewaandikisha watu wote watano kwa bei ya mmoja mmoja, pamoja na mtoto wa miaka sita.

Kipimo cha haki ni bei ya kuingia mara moja. Tuite ada ya mwezi A, bei ya kuingia mara moja b, na idadi ya safari za jamaa nzima kwa mwezi n. Ada ina faida pale tu n x b inapozidi A. Kwa bei zetu, 100,000 kwa 3,000 ni 33 na theluthi moja. Yaani jamaa lazima ifikishe safari 34 kwa mwezi. Ukizigawa kwa watu watano, kila mmoja anapata safari kama saba, na mzazi atasema: hilo ni jambo jepesi.

Sasa tuhesabu watu kama walivyo, si kama wanavyotumaini kuwa. Baba aenda mara mbili kwa juma, yaani mara 8. Mama ana biashara sokoni na jiko nyumbani, hivyo anapata nafasi mara 4. Kijana mkubwa, mwenye hamu kuliko wote, anafika mara 10. Wadogo wawili hawana la kufanya ukumbini, tena wanacheza mpira kila jioni. Jumla ni 22. Jamaa hii ingelipa kila mara iingiapo, ingetumia shilingi 66,000. Kwa kununua kadi imepoteza 34,000, na kila safari imegharimu shilingi 4,545 badala ya 3,000. Aidha, baba akijiandikisha peke yake angehitaji kufika mara 14 ili ada yake ya 40,000 imrudie. Yeye afika mara 8.

Kwa mwaka mambo huwa mabaya zaidi. Tuseme wenye ukumbi wanakubali malipo ya miezi kumi kwa huduma ya miezi kumi na miwili, yaani shilingi 1,000,000 kwa mkupuo. Ili fedha hiyo irudi zinahitajika safari 334 kwa mwaka, karibu 28 kila mwezi, bila mwezi hata mmoja wa kulegea. Lakini mwezi wa Ramadhani hubadili saa za mji kama Ujiji, mvua za masika hufunga njia, na miezi ya mitihani humfungia kijana chumbani na vitabu. Miezi minne ikipotea hivyo, safari 22 kwa kila mwezi uliosalia zingegharimu shilingi 528,000 tu kwa malipo ya kila siku.

Mwanafunzi asidhani kwamba udhaifu huu ni wetu peke yetu. Mwaka 2006 wachumi wawili, Stefano DellaVigna na Ulrike Malmendier, walichapisha utafiti wa wanachama 7,752 wa kumbi tatu za mazoezi nchini Marekani, waliofuatiliwa kwa miaka mitatu. Waliochagua ada ya mwezi ya zaidi ya dola 70 walifika kwa wastani mara 4.3 kwa mwezi. Hivyo kila safari iliwagharimu zaidi ya dola 17, na hali wangaliweza kununua kadi ya safari kumi na kulipa dola 10 kwa kila moja. Watu hawa walikuwa wanajua kugawanya. Kosa lao lilikuwa katika kukadiria n. Mtu anaponunua kadi humfikiria yule mtu atakayekuwa kesho, na yule wa kesho daima ni mwenye bidii kuliko wa leo. Wakati wa masomo yangu ng'ambo niliona kumbi zikijaa mwezi Januari na kupwaya kabla ya Aprili, wala ada haikupungua.

Nauli nayo isisahauliwe. Kama kwenda na kurudi kwa bodaboda ni shilingi 3,000, basi nauli ni sawa na kiingilio chenyewe, na gharama ya kila safari imeongezeka maradufu. Nauli haibadili uchaguzi kati ya kadi na malipo ya kila siku, maana hulipwa katika hali zote mbili. Inabadili swali la kwenda au kutokwenda kabisa. Na anayeamua kutembea kwa miguu kutoka Ujiji hadi mjini Kigoma ili aokoe nauli, atakuwa amekwisha fanya mazoezi yake kabla hajafika mlangoni!

Jambo la mwisho upande wa fedha linaihusu Kagunga yenyewe. Ada ya mwezi ni gharama isiyobadilika, bali mapato ya ziwani hubadilika kila juma. Dagaa huvuliwa usiku kwa kuvutwa na taa, na taa haina nguvu mbele ya mwezi mpevu. Kwa hiyo siku za mbalamwezi mitumbwi hupumzika. Mwaka 2024 Serikali ilisimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wapate kuzaliana. Jamaa inayotegemea fedha itokayo ufukweni, hata kama yenyewe yaishi mjini, haifai kujifunga kwa malipo yasiyojali mwezi wala msimu. Malipo ya kila siku yana bei ya juu kidogo, lakini yanasimama pale mapato yanaposimama.

Hesabu ya mwili

Tuseme sasa fedha zipo. Je, zinanunua nini? Wengi watajibu: kupunguza unene. Jibu hilo tulipime kwa mlima wa Kagunga. Mwanamke mwenye uzito wa kilo 60 anabeba mzigo wa mihogo wa kilo 20 na kupanda meta 300 kwenda juu. Kazi anayoifanya dhidi ya mvutano wa dunia ni 80 x 10 x 300, yaani jouli 240,000. Misuli hugeuza takriban robo tu ya nishati ya chakula kuwa kazi, na iliyobaki hutoka kama joto. Hivyo mwili umetumia jouli kama 960,000, sawa na kilokalori 229. Kijiko kikubwa cha mawese, gramu 14 hivi, kina kilokalori 126. Mlima wote huo, pamoja na mzigo, haufikii vijiko viwili vya mawese.

Yaliyogunduliwa hapa hapa Tanzania yanakwenda mbali zaidi. Mwaka 2012 Herman Pontzer na wenzake, akiwamo Mtanzania Audax Mabulla, walichapisha vipimo vya nishati inayotumiwa na Wahadza wa karibu na Ziwa Eyasi, ambao wanaishi kwa kuwinda na kukusanya chakula. Wanaume walitembea takriban kilometa 11 kwa siku na wanawake karibu 6. Hata hivyo, ukubwa wa mwili ulipozingatiwa, jumla ya nishati waliyotumia kwa siku haikuwa tofauti na ya watu wa Ulaya na Marekani wanaoketi maofisini. Yaelekea mwili unaofanya kazi nyingi hubana matumizi yake mahali pengine. Anayenunua kadi ili apungue uzito bila kugusa chakula chake, basi, amenunua kitu ambacho ukumbi hauna uwezo mkubwa wa kumpa.

Lakini moyo ni habari nyingine. Wahadza hao hao, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2017, walionekana kuwa na zaidi ya saa mbili kwa siku za shughuli za kutia jasho, na shinikizo la juu la damu lilikuwa nadra kwao hata uzeeni. Zamani zaidi, mwaka 1953, Jeremy Morris alilinganisha madereva wa mabasi ya ghorofa mjini London na makondakta wao. Dereva aliketi siku nzima. Kondakta alipanda na kushuka ngazi mamia ya vidato. Makondakta walipatwa na maradhi ya moyo kwa uchache kuliko madereva. Nawasihi walimu wasiishie hapo. Morris mwenyewe alirudi mwaka 1956 akachunguza sare zao, akaona kwamba suruali za madereva zilikuwa na viuno vipana zaidi, hata za vijana. Basi huenda sehemu ya tofauti ilikuwapo kabla ya ngazi hazijafanya kazi yake. Hilo ni somo zuri kuliko jibu lenyewe.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 kwa juma za shughuli ya wastani, kama kutembea kwa haraka, pamoja na kazi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili; na mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 kila siku. Shirika halikutaja ukumbi kuwa ni sharti. Kulima mlimani, kuvuta nyavu, kubeba maji na kutembea kwenda shule, yote yanahesabika. Kadi, kwa hiyo, haina thamani moja kwa jamaa nzima. Inafaa tu kujaza pengo la kila mmoja. Kagunga pengo hilo kwa wengi ni sifuri, ingawa nisingependa mtu aichukulie kazi ya kubeba mizigo kichwani kuwa ni neema tupu: mgongo na magoti ya akina mama yana ushahidi wake. Katika jamaa yetu ya Ujiji, watoto wawili wadogo hawana pengo. Mama asimamaye na kutembea sokoni kutwa ana pengo dogo. Baba mwenye kuketi ofisini ndiye mwenye pengo kubwa, naye kwa mara zake nane alipie kila siku, na siku zilizobaki atembee.

Zipo jamaa ambazo ningezishauri zilipe. Mwanamke wa mjini anayeona haya kukimbia barabarani kwa sababu ya macho na maneno ya watu hawezi kuipata bure nafasi ambayo ukumbi wenye saa za wanawake peke yao utampa. Mgonjwa wa kisukari au aliyepooza upande mmoja, aliyeagizwa na daktari kufanya mazoezi chini ya uangalizi, ananunua uangalizi huo zaidi ya vyuma. Kwa watu hawa n huwa kubwa na haitetereki, kwa kuwa haja yao haitegemei hamu ya Januari.

Zoezi kwa darasa

Kila mwanafunzi achore jedwali la siku 28 na kuandika, kwa kila mtu wa nyumbani kwake, dakika za shughuli iliyomfanya apumue kwa haraka. Atafute pengo la kila mmoja kwa juma kwa kulinganisha na viwango vilivyotajwa. Kisha aulize bei za ukumbi ulio karibu, au atumie bei za makala haya, na kutafuta n inayohitajika. Mwisho abashiri n ya jamaa yake kabla ya kuhesabu, aiandike kwenye karatasi na kuifunga. Baada ya siku 28 aifungue na kuilinganisha na hesabu ya jedwali. Walio Kagunga wasio na ukumbi wapime badala yake kimo cha njia ya shambani na uzito wa mzigo, wakokotoe jouli, kisha wazigeuze kuwa vijiko vya mawese.