Ua Linalolala Kiangazi

Miembe mikubwa ya Tabora ni ukumbusho wa misafara ya karne ya 19, kwani mwembe si mti wa asili ya nchi hii. Lakini mvua za kwanza zinyeshapo, katika misitu ya miombo huchomoza ua ambalo halikuletwa na msafara wowote. Kitaalamu huitwa Scadoxus multiflorus. Duara lake jekundu si ua moja, bali ni mkusanyiko wa maua madogo yanayoweza kufikia 200. Mmea huu waweza kustawi hata katika bustani ya nyumbani huko Ipuli, mradi mpandaji aelewe maisha yake.

Tunguu

Chini ya ardhi mmea huwa na tunguu. Katika majira ya mvua majani hutengeneza chakula kwa nguvu ya mwanga wa jua, na ziada huwekwa akiba humo. Ukame uanzapo, kiasi cha mwezi Mei, majani hunyauka. Tunguu halikufa, limelala, likingoja mvua za Novemba.

Kwa hiyo, anayekata majani yangali mabichi huunyima mmea akiba ya mwaka ujao. Naye anayemwagilia maji kiangazi chote, kwa huruma, huweza kuliozesha tunguu.

Kupanda

Matunda yakishaiva na kuwa mekundu, mbegu hutolewa, huoshwa na kupandwa zikiwa bado mbichi, kwani zikikauka hupoteza uhai. Udongo uwe wa kichanga uliochanganywa na mboji, mahali penye kivuli chepesi. Ua la kwanza huchukua miaka kadhaa. Kung'oa matunguu msituni ni njia ya haraka, lakini huufanya msitu kuwa maskini.

Tahadhari

Mmea wote una sumu, hasa tunguu. Upandwe mbali na watoto, mbuzi na kondoo, wala usichanganywe na vitunguu vya jikoni. Baada ya kuushika, mikono ioshwe kwa sabuni.

Jaribio

Wanafunzi wachukue mimea miwili ya umri mmoja, iliyooteshwa kwa mbegu, katika vyungu vyenye udongo wa aina moja. Kuanzia Mei hadi Oktoba, mmoja umwagiliwe kila wiki, na mwingine uachwe mkavu kivulini. Mwezi Novemba yote miwili ipewe maji. Ni upi utakaochipua vizuri zaidi, na kwa sababu gani?