Mshipa wa Kupandikiza Kwenye Moyo: Unatoka Wapi, Unatolewa kwa Kisu Gani?

Mkulima au mvuvi wa kandokando ya Bwawa la Mtera akiambiwa mishipa ya moyo wake imeziba na lazima apandikiziwe mingine, hofu yote huenda kifuani. Wachache huuliza mshipa huo mwingine utatoka wapi. Utatoka mwilini mwake mwenyewe, na huenda ukatoka kwenye mkono anaovutia nyavu bwawani. Upasuaji huu unafanyika hapahapa nchini, katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete (JKCI) jijini Dar es Salaam, kwa hiyo maswali haya yanatuhusu.

Mshipa unaopendelewa kuliko yote ni ateri ya ndani ya kifua, upande wa kushoto. Miaka 10 baada ya upasuaji, zaidi ya 90 kati ya kila 100 huwa bado zinapitisha damu. Vena za mguuni, karibu nusu huwa zimeshaziba. Ateri ya mkononi, ile inayodunda kwenye kifundo upande wa kidole gumba, huizidi vena: uchambuzi wa mwaka 2018 uliounganisha majaribio 6 yenye wagonjwa 1,036 ulionyesha hivyo.

Sasa visu. Ateri ina matawi madogo ambayo lazima yakatwe na kuzibwa yasivuje. Mkasi na klipu ndogo za chuma haviunguzi chochote, ila kazi huenda polepole. Kisu cha umeme ni cha haraka na kimezoeleka, lakini ncha yake huweza kupita nyuzi joto 150. Joto likifika kwenye ukuta wa ateri, ateri husinyaa au huumia kwa ndani. Kisu cha mtetemo hutikisika takribani mara 55,500 kwa sekunde, kikakata na kuziba tawi kwa pamoja, bila umeme kupita mwilini mwa mgonjwa. Joto lake kwa kawaida ni dogo na klipu huhitajika chache. Ni ghali, hata hivyo, na kikishikiliwa mahali pamoja muda mrefu nacho huunguza. Mimi ningemchagua daktari anayetumia kisu cha umeme alichokizoea, kwa nguvu ndogo na mbali na mshipa, kuliko anayejifunzia kifaa kipya kwangu.

Mwenye kisukari aulize kama ateri ya kifuani itatolewa peke yake, bila nyama zinazoizunguka. Kwa njia hiyo mfupa wa kidari hubakiziwa damu zaidi, na hatari ya kidonda kupata maambukizi hupungua.

Vena ya mguu nayo hutolewa kwa mkato mrefu au kwa matundu madogo yenye kamera. Jaribio la Marekani lililochapishwa mwaka 2019, lenye wagonjwa 1,150, halikukuta tofauti ya maana katika madhara makubwa ya moyo. Maambukizi ya mguu yalikuwa asilimia 1.4 kwa kamera na 3.1 kwa mkato. Kwa mtu atakayerudi kukanyaga tope la bwawani, tofauti hiyo si ndogo.

Kuna jambo moja analoweza kulisimamia mgonjwa mwenyewe. Uchunguzi wa mishipa ya moyo mara nyingi hufanywa kwa kupitisha mrija kwenye ateri ya kifundo cha mkono, na ateri iliyopitishiwa mrija huenda isifae tena kupandikizwa. Kwa kawaida mshipa hutolewa kwenye mkono usio wa kazi. Basi sema mapema unafanya kazi kwa mkono upi, hasa kama ni wa kushoto, na uombe ule mwingine usichomwe dripu wala kuingizwa mrija. Mwenye figo dhaifu aseme pia, kwani mishipa ya mkono huenda ikahitajika kwa kusafisha damu kwa mashine. Hakikisha umepimwa kama ateri ya upande wa kidole kidogo inatosha kulisha kiganja.

Baadaye, ganzi kwenye kidole gumba na mgongo wa kiganja hutokea, na mara nyingi hupungua yenyewe. Lakini vidole vikipauka na kuwa baridi, au kidonda kikitoa usaha, nenda hospitali siku hiyohiyo. Usisubiri tarehe ya kliniki.