Mbwa Asiyeshikika

Ukisema unasoma tiba ya wanyama hapa SUA, swali la kwanza utakaloulizwa ni la ng'ombe, la pili la kuku. Mbwa huulizwa kwa utani tu. Na mimi nilikuwa hivyohivyo, nakiri, mpaka likizo ndefu iliyopita, nilipokuwa nyumbani Kibingo na mbwa wa bibi yangu akamuuma mtoto wa jirani.

Kwa asiyepafahamu, Kibingo iko Kyerwa, mkoani Kagera, wilaya iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012. Ni nchi ya migomba na kahawa, na karibu kila nyumba ina embwa, kama tunavyomwita kwa Kinyambo. Wa bibi anaitwa Simba. Alikuwa na miaka minne, analala chini ya mikahawa, anakula ndizi za jana na maharage yakibaki, anabweka usiku. Kazi yake ilikuwa hiyo, na mshahara wake ndio huo.

Mtoto yule wa miaka minane alikuja kuazima ungo. Alipita karibu na Simba aliyekuwa amelala, Simba akashtuka, akamdaka kwenye shavu la mguu. Kabla sijafika uani, majirani wawili walishafika na ushauri wao. Mmoja alitaka mafuta ya taa, mwingine anatafuna majani ayapake. Nikasema hapana, leteni maji na sabuni. Tukaosha jeraha dakika kumi na tano kwa saa, maji yakitiririka, mtoto analia, na mama yake ananiangalia kama ninayemtesa mwanawe kwa makusudi.

Kuosha huko si usafi wa kawaida. Kirusi cha kichaa cha mbwa kinapoingia kwa mate hukaa kwanza pale kwenye nyama ya jeraha kabla hakijaingia kwenye mishipa ya fahamu na kupanda kuelekea ubongoni. Kimevikwa utando wa mafuta, na sabuni huuvunja utando huo. Ni nafasi mnayopewa ninyi wenyewe, nyumbani, kabla ya hospitali. Mafuta ya taa, pilipili, majani na jiwe jeusi hazifanyi kazi hiyo, nyingine zinaongeza kidonda tu. Baada ya kuosha, safari ni moja: hospitali, siku hiyohiyo. Ugonjwa ukishaonyesha dalili kwa mtu hauna tiba. Watafiti waliokadiria hali ya Tanzania na kuchapisha kazi yao mwaka 2002 walipata vifo karibu 1,500 kwa mwaka, na kati ya wanaoumwa na mbwa watoto ni wengi.

Hospitali tuliulizwa swali moja ambalo mpaka leo linanirudia: mbwa amechanjwa?

Hakuwa amechanjwa. Na hapa ndipo somo langu linapoanzia, kwa sababu si kwamba chanjo haikufika. Ilifika mwezi wa tano. Mtaalamu wa mifugo alisimama uwanja wa shule ya msingi na kisanduku chake cha barafu, chanjo ilikuwa bure, na bibi alimtuma mdogo wangu ampeleke Simba. Mdogo wangu alirudi peke yake na kamba mkononi. Hakuna mtu nyumbani kwetu aliyewahi kumshika Simba tangu alipokuwa mdogo. Tulimlisha miaka minne bila kumgusa.

Darasani tunafundishwa kwamba kukata mzunguko wa kichaa cha mbwa kunahitaji kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa wa eneo, na kurudia kila mwaka, kwa kuwa mbwa wa vijijini wanakufa mapema na wanazaliwa wengi, hivyo kinga ya kundi inashuka haraka. Pemba walifanya hivyo: ugonjwa ukatoweka, ukarudi mwaka 2016, wakachanja tena, ukatoweka tena kufikia 2018. Sasa chukua kitongoji chenye mbwa 50. Unahitaji 35. Kama 20 kati yao hawashikiki, mtaalamu ataondoka na chanjo zikiwa bado kwenye barafu, na taarifa itasema wananchi hawakujitokeza. Walijitokeza. Walikuwa na kamba tupu.

Halafu kuna hili la kusema "mbwa koko". Wengi wa mbwa tunaowaona wakizurura vijijini si koko, wana wenyewe. Wana nyumba wanakolala na jina wanaloitikia. Wanachokosa ni mkono.

Mtoto hakungoja kitu, alianza sindano siku ileile. Simba tulimvutia kwa dagaa mpaka ndani ya zizi la zamani la mbuzi, tukafunga. Siku kumi za kumwangalia zina sababu yake: kirusi huonekana kwenye mate ya mbwa siku chache tu kabla hajaanza kuumwa, na akianza kuumwa hufa upesi. Mbwa aliyeuma akiwa bado mzima siku ya kumi, hakuwa na kirusi mateni siku ile ya kuuma. Ndiyo maana kumuua mbwa papo hapo kwa hasira, kama vijana watatu walivyokuja tayari na fimbo, ni kuua ushahidi. Na msitegemee mbwa mwenye kichaa awe mkali na mwenye mapovu. Wengine wanakuwa wapole kuliko kawaida, wanajificha, taya linalegea, hawali. Mtu anadhani mfupa umekwama kooni, anaingiza mkono.

Siku hizo kumi nilisukuma bakuli kwa mti, sikumgusa. Nilikaa tu nje ya zizi na daftari langu, nikimsomea kwa sauti maelezo ya famakolojia. (Nina hakika ameshika kuliko baadhi yetu.) Siku ya kumi na moja akiwa mzima kabisa, nikaanza kazi ambayo ingefanyika miaka minne nyuma kwa wiki mbili.

Kitoto cha mbwa kati ya wiki ya tatu na ya kumi na mbili hivi hujifunza nani wa kumwamini, na alichozoea wakati huo hubaki naye. Kwa hiyo mguse kila siku: masikio, vidole, mdomo, tumbo. Mpe chakula kwa mkono. Mvalishe kamba shingoni kwa dakika chache akiwa anakula, asiione kamba kuwa adhabu. Waachieni watoto kazi hii wakiwa na mtu mzima, maana ndio mara nyingi wanaompeleka mbwa kwenye chanjo. Kwa mbwa mkubwa kama Simba inachukua wiki nyingi na huruki hatua: kukaa karibu akila, kisha mkono sakafuni, kisha bega, ndipo kamba. Usimkumbatie wala usimwinamie kichwani. Siku ya sindano, hata mpole mfunge mdomo kwa kipande cha kanga, kinazungushwa juu ya pua, chini ya kidevu, kinafungwa nyuma ya masikio. Hakimuumizi, na kinamwokoa mtaalamu.

Wiki ya tano niliweza kumpapasa Simba sikio. Jamani. Ndani mlikuwa na kupe kama mbegu za mnyonyo zilizopangwa, na katikati ya vidole wengine. Kupe huleta magonjwa ya damu yanayomfanya mbwa akonde, atoke damu puani, fizi ziwe nyeupe, na mwenyewe aseme "amerogwa" au "amezeeka". Kupe mmoja mmoja mng'oe kwa kibano kilichomshika karibu kabisa na ngozi, vuta polepole moja kwa moja, usizungushe wala kumchoma kwa kiberiti, kwani akiumia hutapika ndani ya kidonda. Lakini kumwosha mbwa peke yake hakutoshi. Kupe huyu wa mbwa akishiba hushuka, hupanda ukutani, na kutaga mayai maelfu kwenye nyufa. Tulikuta nyufa za lile zizi zimejaa. Tuliziba kwa udongo, tukachoma matandiko ya zamani.

Na hapa nina ugomvi na tabia moja ya kwetu. Bakuli la dawa ya kuogeshea ng'ombe likibaki, mbwa anamwagiwa. Dawa ile imepimwa kwa ng'ombe. Mbwa hujilamba, ng'ombe hajilambi mwili mzima, na anachojilamba mbwa kinaingia tumboni. Nimeona mmoja analegea, anatokwa mate, mapigo ya moyo yameshuka. Nyingine kati ya dawa hizo mbwa anaweza kuzistahimili kwa kipimo chake, lakini paka wa nyumba hiyohiyo anakufa nazo. Muulize bwana mifugo ipi, na uchanganye vipi, na mtoto wa mbwa wa umri gani asiguswe nayo.

Viroboto nao tusiwadharau. Wale unaowaona mwilini ni sehemu ndogo, wengi wako kwenye vumbi analolala, wakiwa mayai na viluwiluwi. Kiroboto hubeba tegu: mbwa akijitafuna na kummeza, anapata mnyoo, na baadaye unaona vipande kama punje za mchele vinatembea kwenye mkia. Ukimpa dawa ya minyoo bila kuwashughulikia viroboto, baada ya wiki chache mmerudi mlipoanzia.

Minyoo ndiyo ilinifanya nizungumze na bibi kwa mapana. Kuna mnyoo wa duara ambao kitoto cha mbwa huzaliwa nao tayari, umepita kutoka kwa mama tumboni, na safura inayopita kwenye maziwa. Ndiyo maana dawa huanza wiki ya pili ya uhai wake, hurudiwa kila baada ya wiki mbili hadi wiki ya nane, kisha kila mwezi hadi miezi sita, halafu kila miezi mitatu maishani, na mama yao hupewa pamoja nao. Mayai ya mnyoo wa duara yakitoka kwenye kinyesi hayana madhara siku hiyo, yanahitaji kama wiki mbili au zaidi ardhini ndipo yaweze kumwambukiza mtu. Hii ni habari njema, kwa sababu ukiokota kinyesi kila siku kwa jembe na kukitupa chooni, umemaliza kazi kabla hatari haijaiva. Ukikiacha, mayai yanakaa kwenye udongo miaka, na mtoto anayecheza hapo akala kwa mikono isiyonawa anaweza kupata mabuu yanayosafiri hadi kwenye ini, hata jicho.

Bibi alisema, "Mwanangu, mbwa tumefuga tangu mababu, nani kafa?" Sikubishana. Nikamwonyesha tu Simba alipokuwa amelala: juu ya mkeka wa kahawa. Ile kahawa ya kutafuna, iliyochemshwa, imeanikwa ikauke, ambayo mgeni akifika ndiyo anayokaribishiwa kwanza. Bibi hakunijibu. Siku iliyofuata mikeka ilikuwa juu ya kichanja.

Lipo na la machinjoni. Ng'ombe au mbuzi akichinjwa na ini likionekana na malengelenge ya maji, linatupwa kwa mbwa, wote tumeona. Mengi ya malengelenge hayo ni tegu mdogo sana anayesubiri kuliwa na mbwa. Ndani ya mbwa anakomaa kwa takriban wiki sita, mayai yanatoka na kinyesi, yanashika kwenye manyoya, na mtu akiyameza anaota uvimbe wa maji ini au mapafuni, unaokua kimyakimya miaka mingi. Waturkana wa Kenya wamejulikana kwa muda mrefu kwa kuteswa sana na ugonjwa huu. Ini la namna hiyo lizikwe kwenda chini ambako mbwa hafukui, au lichemshwe mpaka liive kabisa ndipo apewe.

Kuhusu jirani nitasema kidogo, ingawa kisheria ni jambo zito, maana Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inambebesha mwenye mnyama wajibu wake. Mbwa anayekula mayai ya kuku wa watu hajakosa adabu, ana njaa. Anayebweka usiku kucha kwenye mnyororo mfupi hajui afanye nini kingine. Jirani yetu mmoja ni Mwislamu, anatoka alfajiri na udhu wake, na kwa miaka minne alikuwa anazunguka migomba yetu ili Simba asimramie kanzu. Hakuwahi kulalamika. Tuligundua alipotuambia, akicheka, siku tuliyoweka lango la mianzi.

Na wale mnaotupa mifupa ya kuku kwa mbwa nyuma ya kantini: mfupa uliopikwa hukatika kwa ncha, unatoboa utumbo. Kama unampenda mpe dagaa.

Nauli za mtoto na mama yake kwenda hospitali na kurudi, kila tarehe ya sindano, zilitoka kwenye kahawa ya bibi, na ni haki. Mwezi wa tano mwaka huu mdogo wangu alinipigia simu kutoka uwanja wa shule. Simba alikuwa amekaa, kanga mdomoni, kamba imelegea, amechomwa sindano na kadi imeandikwa. Mtoto wa jirani alishamaliza sindano zake na mguu umepona, limebaki kovu. Ila ungo siku hizi anakuja kuazima kaka yake.