R2-D2 wa Kombani: Mwongozo wa Kumjenga Roboti wa Sinema kwa Mikono ya Mafundi wa Mtaani

R2-D2, yule roboti mfupi mweupe mwenye mabaka ya buluu katika filamu za Star Wars, ana kimo cha kama mita 1.1 na kiwiliwili chenye upana wa takriban sentimita 46. Viandike vipimo hivyo ukutani mwa karakana kabla ya kununua chochote. Vitakuonyesha jambo ambalo vijana wengi hulipindua: hii ni kazi ya fundi bati na seremala kwanza, mambo ya kompyuta baadaye. Anayeanza kwa kuagiza vifaa vya elektroniki huishia na sanduku la nyaya chini ya kitanda. Anayeanza kwa mbao na bati, hata akiishiwa na fedha katikati ya safari, ana kitu kilichosimama.

Kombani si mahali pabaya pa kuanzia. Pale njia ya kupanda Kwale inapoachana na barabara kuu ya Likoni na Lunga Lunga, hutembei mbali kumpata fundi wa kuchomelea mageti, seremala wa vitanda au kijana wa gereji ya pikipiki. Kisichopatikana hapo utakifuata Ukunda, au utavuka feri kwenda Mombasa. Printa ya 3D ni msaada mkubwa kwa anayeweza kuifikia, ila asiyekuwa nayo asivunjike moyo. R2-D2 wa kwanza, aliyebuniwa kwa michoro ya Ralph McQuarrie na kujengwa na kikosi cha John Stears nchini Uingereza, alikuwa wa alumini na faiba, na printa hizo hazikuwapo.

Tena usitishwe na sinema yenyewe. Watengenezaji wa filamu walipopiga picha katika jangwa la Tunisia mwaka 1976, roboti wa kuendeshwa kwa rimoti waliwasumbua sana mchangani. Katika sehemu nyingi za filamu ile iliyotoka mwaka 1977, aliyekuwa ndani ni mwigizaji Mwingereza Kenny Baker, mtu wa kimo cha mita 1.12, akikiyumbisha kiwiliwili kwa nguvu zake. Kwa hiyo roboti wako akisimama, akageuza kichwa na kupiga mluzi, tayari amemkaribia yule wa asili kuliko unavyodhani. Kutembea ni hatua ya pili.

Wapo waliokutangulia. Mwaka 1999 Dave Everett wa Australia alianzisha chama cha wajenzi wa R2-D2, na tangu hapo wanachama wake duniani wamekuwa wakipeana michoro na vipimo bila choyo. Wawili kati ya wajenzi hao wa Uingereza, Lee Towersey na Oliver Steeples, walikuja kuajiriwa kuwajenga roboti wa filamu ya The Force Awakens ya mwaka 2015. Upande wetu wa bara, Kinshasa iliweka roboti wa alumini wa kuongoza magari mwaka 2013, kazi ya mhandisi Thérèse Izay na wenzake, wakitumia umeme wa jua. Roboti hao hawakumwiga mhusika yeyote wa sinema, lakini ukizitazama picha zao utaona ufundi ni uleule: bati lililokunjwa vizuri, mota chache na taa.

Sasa kiwiliwili. Nunua plaiwudi ya milimita 12 na ukate duara nne za upana wa sentimita 46. Karatasi nzima ya futi 8 kwa 4 hutoa duara kumi za namna hiyo, kwa hiyo zinazobaki ni za miguu. Usikubali kuuziwa MDF kwa sababu ni rahisi na laini kukata; kwa unyevu wa pwani hufura pembeni na kumeguka. Zipange duara hizo moja juu ya nyingine, zishikwe na nondo nne zenye uzi wa nati, na kimo chote kiwe nusu mita hivi. Kisha zungushia bati la alumini la unene wa milimita 1. Mzingo wa duara ya sentimita 46 ni karibu 145; ongeza mbili za kupandana, ukate kipande cha 147 kwa 50. Milango na madirisha yake yote yachorwe na kukatwa bati likiwa bado bapa mezani. Ukishalikunja, grainda haitakupa mstari ulionyooka tena. Fundi atakuuliza, "Hili ni tangi la nini, mwanangu?" Mwambie ni roboti, umwonyeshe picha. Akijua anachojenga atakuwa makini na kona, na pengine atakupunguzia bei kwa hamu ya kuona mwisho wake.

Kichwa ndicho kinachowashinda wengi. Wengine hukimbilia karai la kukaangia viazi, lakini karai ni pana na halina kina cha kutosha. Roboti atatoka na kipara bapa. Njia nzuri ni faiba, na mafundi wake si adimu katika ukanda huu wenye maboti na mahoteli. Unachohitaji ni kalibu, na kalibu unaweza kuitengeneza mwenyewe kwa udongo. Simamisha chuma chembamba katikati ya ubao. Kata kiolezo cha plaiwudi chenye upinde wa robo duara wa nusu kipenyo cha sentimita 22.6, zile milimita nne ulizopunguza ni unene wa faiba itakayokuja juu. Kifunge kiolezo kwenye chuma kiweze kuzunguka, lundika udongo wa mfinyanzi, kisha kizungushe taratibu. Kila kinapopita hukwangua uvimbe na kukuonyesha shimo la kujaza, mpaka kuba inakaa sawa pande zote bila kubahatisha kwa macho. Acha pia ukingo wima wa sentimita chache chini yake, maana kichwa cha R2-D2 hakianzi kupinda pale pale shingoni.

Udongo ukikauka, ziba nyufa kwa plasta ya jasi, piga msasa, paka vanishi, kisha nta mara kadhaa ili faiba isinate kwenye kalibu. Hapo ndipo pa kuwa mwangalifu. Resini huchanganywa na kigandisho kwa kiasi cha asilimia 1 hadi 2, na mchanganyiko huo hutoa joto wenyewe. Kwenye jua la saa sita la Kombani utagandia ndani ya kopo kabla hujamaliza tabaka la kwanza, na kopo lililojaa linaweza kufuka moshi. Fanya kazi asubuhi mapema, changanya kidogo kidogo, karibu na ile asilimia 1. Kigandisho kikiruka jichoni kinaweza kukupofusha: vaa miwani ya karakana na glavu, fanyia nje penye upepo, watoto wakae mbali. Tabaka tatu za mkeka wa faiba zinatosha. Ukishakitoa kichwa, kipake puti, upige msasa, urudie tena. Kazi hii ya msasa inachosha kuliko zote, na ndiyo inayotofautisha roboti na ndoo iliyogeuzwa.

Miguu ni plaiwudi iliyogandishwa tabaka juu ya tabaka. Miwili ya pembeni hubeba uzito, wa tatu wa mbele huweka mizani, na roboti akisimama kwa mitatu kiwiliwili hulala nyuma nyuzi 18. Betri zikae katika vile visanduku vya kwenye nyayo za pembeni. Uzito ukiwa chini, hata mtoto akimsukuma haanguki. Jitahidi jumla isipite kilo 40. Wale wanaojengwa kwa alumini tupu huwa wazito zaidi ya hapo, na kuwapandisha ngazi ni kazi ya wanaume wanne.

Kwa mwendo, waulize wauza vipuri chakavu mota mbili za waipa ya gari, za aina moja. Zina nguvu, zinatumia volti 12, na gia zake za ndani tayari zimepunguza kasi. Mota ikizunguka mara 60 kwa dakika na gurudumu likiwa na kipenyo cha sentimita 15, roboti atakwenda mita 28 kwa dakika, mwendo wa bibi harusi anayeingia ukumbini, na ndio unaomfaa. Ila mota hizi zina ujanja wake. Nyingi hutumia bodi yake ya chuma kama waya wa hasi, kwa hiyo ukizifunga mbili kwenye fremu moja ya chuma na kujaribu kuirudisha moja nyuma, unapiga shoti. Zifunge kwenye mbao, au uweke mpira kati ya mota na chuma na bolti zipite ndani ya bomba la plastiki. Pima kwa mita kabla ya kuunganisha betri.

Hapo ndipo vifaa vya elektroniki vinapoingia. Bodi ndogo ya Arduino Uno inatosha kuwa ubongo. Kwa kuendesha mota, usinunue kile kidude cha L298N kinachouzwa kila mahali. Kinabeba ampea 2 tu kwa kila upande, na mota ya waipa ikikwama inaweza kuvuta zaidi ya 15. Tafuta BTS7960, kimoja kwa kila mota. Fyuzi ya ampea 20 ikae kwenye waya wa chanya, karibu kabisa na betri, si mwisho wa waya. Swichi kubwa ya kuzima iwe mgongoni, mahali mtu mzima yeyote anaweza kuipiga mkono. Na rimoti yako iwekwe namna ambayo mawimbi yakikatika, mota zinasimama. Jaribu jambo hilo magurudumu yakiwa hewani: zima rimoti ghafla uone. Kama mota zinaendelea kuzunguka, roboti huyo hajawa tayari kukaribia watoto.

Betri mbili za asidi zilizofungwa, za volti 12 na ampea-saa 7, zikiunganishwa sambamba zitakupa karibu saa moja ya maonyesho ya polepole. Usizichaji kwa chaja kubwa ya gereji ya magari; chaja ya ampea 2 ni salama zaidi. Wala usiziache tupu kwa wiki nzima, zitakufa.

Sauti ni rahisi mno ukilinganisha na hayo. Ben Burtt, mtunzi wa sauti wa filamu, aliupata mlio wa R2-D2 kwa kuchanganya sauti yake mwenyewe na ya kinanda cha umeme. Kipande kidogo cha DFPlayer chenye kadi ya kumbukumbu na spika ya redio mbovu kitapiga chochote utakachorekodi, hata mluzi wa mdogo wako.

Chumvi ya bahari hapa haikawii. Bolti ya chuma cha kawaida kwenye alumini hula alumini iliyo pembeni yake, kwa hiyo tumia bolti zisizoshika kutu, pamoja na washa ya plastiki katikati. Alumini ipakwe praima yake maalumu kabla ya rangi nyeupe, la sivyo rangi itabanduka kama maganda. Bodi za elektroniki zipakwe vanishi nyembamba, ukiacha wazi sehemu za kuunganisha. Na ukimpeleka ufuo wa Diani kwa picha, mbebe, usimwendeshe mchangani. Kilichowashinda Tunisia kitakushinda nawe.

Kuhusu haki: R2-D2 ni mali ya Lucasfilm, iliyonunuliwa na Disney mwaka 2012. Kumjenga kwa kujifurahisha, kumpeleka shuleni au hospitalini bila malipo, ni jambo ambalo wajenzi duniani wamelifanya miaka mingi kwa amani. Kumkodisha kwenye sherehe au kuuza nakala ni habari nyingine. Mahakama ya Juu ya Uingereza ilisema mwaka 2011 kwamba kofia za askari wa Star Wars si sanamu za sanaa kwa sheria ya huko, lakini usiifanye hukumu hiyo ngao yako hapa Kenya, penye Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001. Anayetaka biashara na ambadilishe sura, rangi na jina. Mota na mbao hazina mwenyewe.

Mwisho, panga usafiri kabla ya kugandisha chochote kwa gundi. Miguu ifungwe kwa bolti mbili kubwa kila mmoja, ili kiwiliwili kiingie kwenye matatu upande wake na miguu upande wake. Kichwa kifungwe ndani ya blanketi na kipakatwe, kisirushwe juu ya keria. Toa betri, funika vichwa vyake kwa utepe wa umeme, na uzibebe zikiwa zimesimama, mbali na funguo na sarafu za mfukoni.