Somo la Fizika: Juu ya Nini Gurudumu Linazunguka Bure?

Motokari nyingi ndogo za leo zinavutwa na magurudumu ya mbele, kama Citroën Traction Avant ya mwaka 1934. Juu ya nini kwenye matope gurudumu linazunguka na motokari inabaki pale pale?

Tufanye hesabu. Tuseme magurudumu ya mbele yanabeba kilo 600. Kwenye lami kavu, kipimo cha mshiko kikiwa 0,8, tunapata nguvu ya kuvuta sawa na uzito wa kilo 480. Kwenye matope, kikiwa 0,2, ni kilo 120 tu. Motere ikipitisha hapo, mpira unateleza. Tena motokari ikipanda mulima, uzito unaenda nyuma, mbele kunakuwa kwepesi.

Na kule kutetemeka? Mpira unashika, unaachia, unashika tena, upesi upesi. Vyuma vinaumia.

Motokari za sasa ziko na chombo cha kuzuia mtelezo. Kinapima mwendo wa kila gurudumu. Moja likizunguka kupita mengine, kinalifunga freni, na nguvu inaenda kwa mwenzake. Kinapunguza pia nguvu ya motere. Lakini hakiongezi mshiko wa udongo.

Basi tukumbuke: kukanyaga mafuta zaidi ni kuchimba shimo. Tuweke matawi chini ya mpira, tuondoke polepole. Na mtu asisimame mbele ya motokari iliyonasa: ikishika kwa gafula, itamugonga.

Swali: motokari inayosukumwa na magurudumu ya nyuma, itapanda mulima namna gani?