Tazama Kinyesi cha Kuku Wako

Mkulima, je, umepata kumwona kuku akikojoa? Hujamwona, wala hutamwona. Ng'ombe hutoa mkojo na mavi mbalimbali, lakini kuku hutoa vyote pamoja. Yafaa ujue sababu, maana kujua huku kutakuokolea kuku wengi.

Chakula anachookota kuku hukaa kwanza katika kifuko cha shingoni, kikalowa. Kisha hushuka tumboni mpaka kwenye firigisi. Kuku hana meno. Firigisi ndiyo inayosaga mahindi, kwa vijiwe alivyomeza. Kutoka hapo chakula hupita katika matumbo, na mwili huchukua unachohitaji. Kinachobaki ni mavi.

Nazo figo husafisha damu. Lakini kuku hana kibofu cha mkojo. Uchafu unaotolewa na figo zake si maji mengi, bali ni uji mzito mweupe. Uji huo na mavi hukutana katika kifuko kimoja karibu na mkia, na kutoka kwa tundu moja. Hata yai hupitia tundu hilo hilo.

Basi kinyesi kizuri hushikamana, rangi yake ni ya kahawia au kijivu, na juu yake pana weupe kama chokaa. Mara chache kwa siku hutoka kingine laini, cheusi kidogo na cha kunata. Hicho nacho ni cha kawaida.

Ogopa mambo haya:

1. Damu katika kinyesi cha vifaranga. Huenda ni ugonjwa wa kuhara damu.

2. Kuhara kijani, pamoja na kuhema kwa shida au kupinda shingo. Huenda ni Newcastle. Ugonjwa huu hauna dawa ya kuuponya. Kinga yake ni chanjo.

3. Kuhara kweupe kunakoganda nyuma ya vifaranga wadogo.

Ukiona dalili hizi, watenge wagonjwa, umwite afisa wa mifugo upesi.

Tena, hakikisha sakafu ya nyumba ya kuku ni kavu siku zote. Kinyesi kikilowa, ule weupe huoza na kutoa harufu kali inayochoma macho, na vijidudu vya kuhara damu hustawi. Kinyesi ulichozoa usikitie kibichi kwenye miche, kitaiunguza. Kirundike pamoja na majani makavu mpaka kioze vizuri. Ndipo utapata mbolea bora ya shamba lako.

Kesho asubuhi, ukisha kuwafungulia kuku, tazama chini ya miti waliyolalia. Fanya hivyo kila siku, nawe utaujua ugonjwa kabla haujamaliza kundi.